Gakuo wa Raundi ya Kwanza

Jumapili, 14 Machi 2004

Mvua tangu asubuhi. Sikwenda kanisani. Nikienda wataniuliza kama nimepona, na sikuwa mgonjwa.

Leo Kamishna ametuma vijana wa mwaka huu. Mia mbili na kitu, wote wametengenezwa na kompyuta — majina, vimo, vyuo, tabia. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa na mama. Lakini ligi yetu ya futiboli ya Kimarekani tunaiheshimu kuliko watu wengi wanavyoheshimu ndoa zao, na hapo nasema kwa uzoefu! Timu kumi na sita, wenyewe kumi na sita, na hatujawahi kuonana uso kwa uso. Mechi zinachezwa zenyewe ndani ya kompyuta ya Kamishna huko Nebraska. Sisi tunapata matokeo kwa barua pepe kila Jumanne, tunafurahi au tunanuna.

Timu yangu ni Nyati wa Plano, mji ninaokaa. Tangu nijiunge sijapata quarterback wa maana — yule anayerusha mpira na kuwaamrisha wengine. Niliye naye anarusha kama mtu anayemwaga maji ya vyombo. Mwaka huu, zamu ya kuchagua vijana ikifika, sisi ni wa nne. Hatimaye!

Kuna kijana anaitwa Colt Brannigan. Mtulivu, mrefu, haumwi popote. Nikampigia mstari. Nikaendelea kushuka kwenye karatasi, kikombe cha chai mkononi, na pale chini kidogo nikakuta: Wayne Gakuo.

Nilisimama. Nikaenda dirishani, nikarudi, nikasoma tena. Kabla ya Krismasi Kamishna alituomba kila mtu amtumie majina ya ukoo ya kulisha kompyuta, maana alichoka na akina Johnson. Nilituma kadhaa. Moja lilikuwa la baba yangu. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Gakuo. Quarterback. Miaka ishirini na mmoja, mwaka wa mwisho, chuo fulani cha Ohio.

Chai ikapoa.


Jumatano, 17 Machi

Kila timu imepewa safari kumi za upelelezi. Unachagua kijana, unatuma mpelelezi (naye hayupo!), kesho yake unaletewa ripoti. Ukimtembelea mara moja unaona kwa mbali. Ukimtembelea mara nyingi unaona vizuri.

Nimetuma safari mbili kwa Gakuo. Udadisi tu.

Niandike hapa kwa nini, ingawa najua. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu yake mzaa baba. Mimi ni Kamau kwa sababu baba yake baba alikuwa Kamau. Ndiyo maana mzee huniita "baba" mpaka leo, nami namwita baba, na mtu akitusikiliza kwenye simu hawezi kujua mtoto ni nani. Gakuo alipaswa kutoka kwangu. Lydiah na mimi hatukujaliwa, halafu hatukuelewana, halafu akahamia Atlanta na sasa ana mtu mwingine. Dada yangu Shiru, nesi, yuko Katy, mwendo wa saa nne kwa gari, ana mvulana mmoja, na huyo jina lake ni la upande wa mumewe, ndivyo zamu inavyokwenda. Waliofuata ni wasichana. Kwa hiyo mzee anakaribia miaka themanini na hajaitwa, hakuna mjukuu mwenye jina lake.

Hajawahi kunilaumu. Ingekuwa afadhali.

Ofisini leo walikata keki ya mtu wa idara ya madai. Nilikula kipande changu nimesimama karibu na mashine ya fotokopi. Wananipenda, nadhani. Hawajui nakaa na nani, na hawajauliza.


Jumamosi, 20 Machi

Nguo, sokoni, sufuria ya ugali wa kula siku mbili. Ripoti imekuja.

Gakuo: mkono wenye nguvu sana. Anatumia wa kulia. Kusoma uwanja — duni. Goti la kushoto lina wasiwasi. Na mwishoni, pale kwenye tabia: anapenda kukaa peke yake, hachangamani na wenzake.

Nilicheka kwa sauti. Humu ndani kicheko changu mwenyewe kinanishtua siku hizi.

Nimeongeza safari tatu. Kwa mtu mwenye goti bovu! Brannigan bado sijamtembelea hata mara moja. Sheldon wa Tulsa, anayechagua mara tu baada yangu, ameniandikia kuuliza ninamwangalia nani. Huyu Sheldon ndiye mtu ninayezungumza naye zaidi mwaka huu, nikihesabu barua pepe. Sijui hata kama ana ndevu. Nikamjibu kwamba bado nafikiri.


Jumapili, 21 Machi

Nimefanya jambo la kijinga. Niliandike kabla sijalipamba.

Mzee, kule Nyahururu, ana simu ya mkononi tangu Krismasi, Shiru alimtumia. Hapigi. Ana-flash — inalia mara moja, inakata — nami natoka kwenda duka la Waafrika kununua kadi, nakwangua namba, nampigia. Leo ali-flash nikiwa navaa viatu vya kanisani. Kanisa likaishia hapo.

Alikuwa ametoka kumzika mtu wa rika lake. Wamebaki wachache. Akanisimulia kwamba mjukuu wa marehemu, aliyepewa jina lake, ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Akasema jina la mwenzake lilikuwa limesimama pale kando ya kaburi, limevaa tai, linalia. Hakuongeza kitu. Mzee hajui kuomba.

Na mimi nilitaka kumchekesha. Naapa! Nikasema, "Baba, hata huku kuna Gakuo." Nilitegemea aulize Gakuo gani, nimweleze habari za kompyuta na Kamishna wa Nebraska, acheke kile kicheko chake chenye kikohozi.

Hakuuliza Gakuo gani. Aliuliza ana miaka mingapi.

Nikasema ishirini na mmoja. Ndiyo miaka yake!

Nilisikia kuku. Kisha akasema hataniuliza mama yake ni nani, mambo ya ujana ni ya ujana, na kwamba kama niliona haya miaka yote hiyo basi haya yenyewe imeisha leo. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Akauliza jambo moja tu: ni mrefu?

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

Nikasema, "Mrefu, baba. Kunizidi."


Jumatatu, 22 Machi

Sikuweza kula. Kazini nimepitisha dai la bima la mtu ambaye hakustahili, nikalirudisha, nikalipitisha tena.

Nitamwambia akini-flash tena. Rahisi tu. Baba, ulinielewa vibaya. Lakini hakunielewa vibaya. Mimi ndiye niliyemwacha aelewe hivyo.


Alhamisi, 25 Machi

Ame-flash mara mbili leo. Mara mbili maana yake haraka.

Nilipiga nikiwa nimejiandaa. Nilikuwa hata nimefanya mazoezi bafuni. Lakini alinitangulia kwa maswali, yamepangwa, nadhani alikuwa anayatunga usiku. Anasoma? Anasoma, Ohio, anamaliza mwaka huu. Anatumia mkono gani? Wa kulia, baba, una nguvu ajabu. Ana afya? Goti la kushoto linamsumbua kidogo.

"La kushoto?" Akapiga kelele kama mtu aliyeona kitu chake kilichopotea. "Si ndilo langu hili!"

Akauliza kwa nini kijana hakai na mimi. Nikasema anapenda kukaa peke yake. Akasema hiyo nayo ni yake, alipokuwa kijana hata sherehe alikuwa akitorokea zizini. Kila nilichosoma kwenye ile ripoti, yeye alikuwa na mahali pa kukiweka.

Na nilifurahi. Hapo ndipo aibu ilipo. Sijaongea na baba yangu hivyo tangu nilipopanda ndege. Siku zote ni mvua, dawa, nani amekufa. Leo tulikuwa wanaume wawili tunaongea juu ya kijana wetu, na mmoja wetu alikuwa anadanganya.

Jumapili iliyopita jioni, yaani siku ileile, alisimama kanisani akashukuru mbele ya watu wote. Anaomba asikie sauti ya kijana. Hata salamu tu.


Jumamosi, 27 Machi

Katy. Nimeendesha gari tangu asubuhi, nyumba za kule zote zinafanana, nilipita ya Shiru nikarudi. Kumbe alikuwa ananiangalia dirishani, hakunipungia mkono.

Mumewe alikuwa zamu hospitali. Meza imeandaliwa. Mukimo, kuku, kachumbari — na sahani moja ya ziada.

"Baba alinipigia," akasema. "Alinipigia, si ku-flash. Alimaliza credit yake yote akilia. So uko na kijana wa twenty-one na mimi ndiye naambiwa na watu wa Nyahururu?"

Nikamwambia akae. Hakukaa.

Watoto wakaja mbio. Mdogo akaangalia mlangoni nyuma yangu, akamuuliza mama yake, "Is he coming or not?" Shiru akawapeleka juu.

Nilikuwa nimechapisha ripoti. Nikaiweka mezani karibu na ile sahani. Akaisoma kama anavyosoma faili la mgonjwa, kidole kikishuka. Akaigeuza nyuma. Kulikuwa kweupe. Nikamweleza.

Alicheka kwanza. Alicheka mpaka akashika kiti. "Wewe Kamau. Umempa mzee mjukuu wa kompyuta?" Halafu akaketi, akafunika macho kwa kile kitambaa cha jikoni, na mabega yakaanza kutikisika. Mimi na kachumbari tukatazamana.

Aliposema tena, alisema polepole. Kwamba usiku ule baada ya simu ya baba alikasirika, ndiyo, lakini pia alikuwa ameshaanza kumpenda. Alikuwa amemwazia chumba cha kulala akija Thanksgiving. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko kelele zake.

Kisha akawa nesi. "Utamwambia wewe mwenyewe. Ikifika Jumatano hujamwambia, mimi ndio nitamwambia, na sitatumia maneno matamu."

Amenifungia chakula. Chombo kiko kwenye kiti cha abiria, nimekifunga mkanda. Nilitambua hilo nikiwa nimeshafika karibu na Dallas.


Jumatatu, 29 Machi

Nimemaliza safari zote kwa Gakuo. Zote kumi! Mwenye ligi yoyote mwenye akili angenifukuza. Namjua sasa kuliko ninavyomjua jirani wa mlango wa pili. Hatakuwa mzuri. Akibanwa anarusha mpira ovyo. Goti litamtoa ndani ya miaka miwili. Ripoti ya mwisho inasema achukuliwe mwishoni kabisa, au asichukuliwe.

Basi mwache mpaka mwishoni, Kamau, umwokote huko. Ndiyo ilikuwa mipango. Lakini leo Sheldon ameandika. Amemwona Gakuo. Anasema atamchukua hapohapo baada yangu, kwa jina tu — linamchekesha, anataka kulisikia kwenye matokeo kila Jumanne, na akishindwa kucheza atamfuta wakati wa kiangazi kama anavyowafuta wengine. Akamalizia kwa kile kialama cha uso unaotabasamu.

Sheldon si mtu mbaya. Hajui. Nilianza kumwandikia nimweleze, ni jina la nani na linabebwaje. Nikasoma nilichoandika. Ilikuwa barua ya mtu anayehitaji kulazwa. Nikaifuta.


Jumatano, 31 Machi

Nimemwambia.

Nilianza na hali ya hewa. Yeye akaanza na ng'ombe: ametenga mtamba mmoja, mweusi mwenye baka jeupe, wa Gakuo. Kila asubuhi anamwangalia kwa niaba yake.

Nikasema, "Baba, hakuna mtoto."

Nikamweleza kila kitu, na haraka, kama ninayejitetea mbele ya askari. Ni mchezo. Timu hazipo, uwanja haupo, majina tunatuma wenyewe, na mimi nilituma lako. Kwamba tunawachagua kwa zamu, zamu yangu ni Jumamosi asubuhi, nisipomchukua mwingine atamchukua na baadaye atamfuta. Sijui kwa nini nilimwambia hata hilo. Mdomo ulikuwa unakwenda wenyewe.

Akauliza, "Kwa hiyo hakuna mtu?"

Nikasema hakuna mtu.

"Na goti?"

Nikasema hata goti hakuna.

Kadi ilikuwa inakwenda, wala sikujali. Kisha akasema, "Haya, Kamau." Akakata yeye.

Kamau. Tangu nizaliwe sijawahi kusikia jina hilo kinywani mwake. Hata siku aliyonichapa kwa kuchoma boma la majani aliniita baba huku akinichapa.


Alhamisi, 1 Aprili

Nimenunua kadi mpya. Nimepiga asubuhi. Haikupokelewa.

Nimepiga mchana nikiwa ndani ya gari, maegesho ya ofisi. Haikupokelewa.

Shiru anasema mzee hapokei hata simu zake, ila jirani wa mzee, Absalom, amemwona akienda kuchota maji, kwa hiyo ni mzima. Akasema nimpe muda. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula.


Ijumaa, 2 Aprili

Kimya. Simu naiweka karibu hata bafuni.

Kazini kuna mtu alisema wikendi njema, unafanya nini? Nikasema nina familia. Sijui ilitoka wapi.

Nimeamua. Brannigan. Mchezo ni mchezo, na Nyati wanahitaji quarterback. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita hawezi kulilia herufi tano kwenye kompyuta ya mzungu. Sheldon alichukue jina hilo, alicheke, alifute. Jina la mzee liko kwa mzee.


Jumamosi, 3 Aprili

Draft, ule uchaguzi wa vijana, imeanza saa tatu. Nimevaa shati la kola, sijui kwa nini, hakuna anayeniona.

Wa kwanza kachukua mlinzi wa Alabama. Wa pili kachukua mkimbiaji. Wa tatu kachelewa, kasema mtoto wake anatapika, tumemsubiri. Kachukua mlinzi mwingine. Brannigan bado yupo! Wote wanaandika kwamba Plano ana bahati ya mtende. Sheldon ameandika kunitakia heri, kisha akaandika Gakuo, Gakuo, Gakuo, kama watu wanaoshangilia.

Zamu yangu. Nina nusu saa, Kamishna hana huruma kwa wachelewaji. Nimeandika BRANNIGAN, COLT. Sijatuma. Nimeiacha pale nikaenda kuosha kikombe kilichokuwa safi.

Najua la kufanya. Tatizo nimemzoea. Asubuhi ninapofungua mashine namtafuta yeye kwanza. Namjua anavyoinamisha kichwa akikosea, na hakuna ripoti iliyosema anainamisha kichwa.

Robo saa imebaki. Kamishna ameandika: Plano, uko hapo?

Niko.

Simu imelia.

Mara moja. Imekata.

Namba ya nyumbani. Kule ni jioni, atakuwa ametoka kukamua. Kadi ya Alhamisi bado ina dakika, maana haikupokelewa. Nimekosea namba mara mbili. Sasa inaita. Naandika simu ikiwa begani, kwa sababu nisipoandika nitakata.

Amepokea. Namsikia akipumua, na nyuma yake ng'ombe. Nimesema ni mimi. Anasema anajua ni mimi, nani mwingine angempigia. Nimesema nisamehe. Anasema yule mtamba hali vizuri tangu Alhamisi. Plano, anaandika Kamishna, dakika tano.

Mzee anakohoa. Ananiuliza kwani huku kwangu bado ni Jumamosi asubuhi. Nimesema bado.

"Baba," anasema, "yule mtu wenu. Bado yupo, ama wameshamchukua?"